Mbwa ametoka lupango, gari limemgonga: nani analipa, na unafanya nini? Mwongozo kamili kwa wenye mbwa wa Lubumbashi

Ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Kampemba. Zamu wetu, mlinzi wa nyumba, alifungua lango ampitishe muuza makala na baiskeli yake yenye magunia matatu. Mbwa akapenya katikati ya miguu yao. Nikasikia breki, kisha kishindo, kisha kilio. Nilipofika barabarani dereva wa taksi alikuwa ameshashuka, anashika pareshoki, bampa ya gari, iliyokuwa inaning'inia, na neno lake la kwanza halikuwa pole: "Papa, hii imbwa ni ya nani?"

Kabla jua halijapanda nilikuwa nimekosea mara tatu. Nilijibu kwamba mbwa ni wa lupango, yaani wa uwanja mzima wa nyumba, si wangu peke yangu. Nilimbeba mikononi kama mtoto, akaning'ata mkono. Na nilimpa dereva dola hamsini bila karatasi yoyote ili watu watawanyike. Siku nne baadaye mtu mwingine alibisha hodi: mwenye gari. Hakujua habari za dola hamsini, na kwa kweli hazikumhusu. Yaliyo hapa chini ndiyo ningependa mtu anieleze siku ile.

Kwanza barabara, halafu watu, halafu mbwa

Mwenye mbwa hukimbilia mbwa. Usifanye hivyo. Kwenye njia kama ya Kipushi au ya Kasapa, gari la pili linakuja nyuma ya la kwanza, na lori la madini halisimami upesi. Mtume mtu asimame mita kadhaa nyuma apunge kitambaa, au aweke matawi barabarani kama tunavyofanya lori likiharibika. Kisha uliza kama kuna mtu aliyeumia.

Ikiwa ni moto, yaani pikipiki, uliza mara mbili. Mwendesha moto, yule tunayemwita manseba, anaweza kusimama, akapanguza vumbi na kusema hana kitu, huku abiria wake ameketi kando ya mtaro hasemi neno. Mtu aliyegonga kichwa bila kofia aende hospitali hata kama anakataa. Mpeleke wewe mwenyewe au mtume mtu wa nyumbani, na uhifadhi fakitire (hati za malipo) zote. Kumpeleka mtu hospitali si kukiri kosa; ni utu, na mbele ya hakimu au mbele ya wazee wa mtaa haijawahi kumharibia mtu jina.

Mbwa mwenyewe

Mbwa mwenye maumivu hamjui bwana wake. Hata yule anayelala mlangoni pa watoto atang'ata. Chukua kitambaa kirefu, tai au kamba laini, fanya kitanzi, kifunge juu ya mdomo wake, kipitishe chini ya taya, kisha kifunge nyuma ya masikio. Usimfunge mdomo ikiwa anahema kwa shida, anatapika au ana damu puani.

Usimwinue kwa miguu wala kwa tumbo. Tafuta ubao, mlango wa zamani au blanketi nzito, mvute juu yake polepole akiwa amelala upande, kisha watu wawili wabebe. Jeraha linalotoka damu likandamize kwa kitambaa safi bila kukiondoa ondoa kila mara kuangalia. Usimpe maji wala chakula, maana huenda akahitaji kulazwa usingizi kwa upasuaji. Na tafadhali, usimpe paracetamol wala ibuprofen ya watu. Dawa hizo huua mbwa kwa kuharibu ini, figo na tumbo, na watu wengi wenye moyo mzuri wamemaliza hivyo kazi ambayo gari halikuimaliza.

Angalia ufizi wake. Ufizi wa kawaida ni wa waridi. Ukiubonyeza kwa kidole unakuwa mweupe, na rangi inarudi ndani ya sekunde mbili hivi. Ukikuta ni mweupe kama karatasi, au tumbo linazidi kuvimba, damu inavuja ndani na hakuna muda wa mazungumzo na dereva. Mbwa anayesimama na kutembea baada ya kugongwa naye aonwe na daktari. Kibofu kilichopasuka, au kiwambo kinachotenga kifua na tumbo kikichanika, vinaweza kukaa kimya siku nzima kabla ya kumwangusha. Lubumbashi tuna bahati katika hili: chuo kikuu, UNILU, kina kitivo cha tiba ya wanyama, kwa hiyo madaktari wa mifugo hawakosekani mjini. Weka namba ya mmoja kwenye simu yako leo, si siku ile.

Akiwa amekung'ata wewe au mpita njia, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 nzima. Hata kama mbwa amechanjwa. Kisha nenda kituo cha afya ukaulize chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo ukishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Mbwa aliyeng'ata mtu hukaa chini ya uangalizi siku 10. Usikubali majirani wamuue papo hapo, na ukikuta ameshakufa usimzike kabla daktari wa mifugo hajasema kitu. Kipimo cha kichaa hufanywa kwenye ubongo.

Kubali mbwa, usikubali deni

Hapa ndipo nilipoharibu. "Ni mbwa wa lupango" ni jibu la mwoga, na halisaidii: majirani wote wanajua nani anamlisha. Jibu lililo sawa ni fupi: mbwa ni wangu, pole sana, tuangalie pamoja kilichotokea. Basi. Usiseme "nitalipa yote", usiseme "ni kosa la zamu", usiseme "weye njo ulikuwa unatembesha mbio" hata kama ni kweli. Maneno ya dakika ile ndiyo mashahidi watakayoyakumbuka.

Wakati huo huo, piga picha. Piga gari likiwa bado mahali liliposimama, namba zake za mbele na nyuma, sehemu iliyovunjika, alama za matairi na urefu wake, mahali mbwa alipoangukia, lango lako, na barabara yenyewe kutoka pande zote mbili. Picha ya urefu wa alama za breki inaeleza mwendo wa gari kuliko mashahidi kumi. Piga pia sehemu za gari ambazo hazikuguswa! Wiki moja baadaye taa ya nyuma iliyovunjika tangu mwaka juzi inaweza kuingizwa kwenye hesabu yako.

Omba karte roze ya gari (kadi yenye jina la mwenye gari), karatasi ya asiransi (bima) na leseni, uvipige picha. Hapa utagundua jambo ambalo mimi sikulitafuta: dereva na mwenye gari mara nyingi ni watu wawili. Taksi nyingi za mji huu zinaendeshwa na mtu anayepeleka fedha za siku kwa bwana wa gari. Unayezungumza naye barabarani anadai siku zake za kazi zilizopotea. Yule asiyekuwepo anadai gari lake. Ukimlipa mmoja, wa pili bado anakuja. Chukua majina na simu za wote wawili, na za watu wawili au watatu walioona, ikiwezekana wasio ndugu zako.

Sheria inasema nini hasa

Wengi wanaamini moja kati ya mambo mawili. Kwamba mwenye gari ndiye mwenye kosa siku zote kwa sababu chuma ni chake, au kwamba mbwa akitoroka hakuna wa kulaumiwa, mnyama ni mnyama. Yote mawili si kweli.

Kitabu cha tatu cha sheria ya kiraia ya Kongo, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, kinalitaja jambo hili moja kwa moja katika kifungu cha 261: mwenye mnyama, au anayemtumia wakati anamtumia, anawajibika kwa hasara ambayo mnyama ameisababisha, awe alikuwa chini ya ulinzi wake au alikuwa amepotea au ametoroka. Soma tena maneno ya mwisho. Kutoroka, ambako sisi tunakuleta kama utetezi, sheria imekutaja kwa jina na kukukataa. Hutaponea kwa kusema ulifunga lango vizuri. Inabidi uonyeshe kwamba hasara ilitoka kwingine: kosa la dereva mwenyewe, kitendo cha mtu mwingine, au jambo lisilozuilika kabisa.

"Anayemtumia" ana maana yake. Ukisafiri kwenda Likasi mwezi mzima ukamwachia shemeji mbwa wako alinde nyumba yake, mwenye kujibu wakati ule anaweza kuwa shemeji. Lakini zamu hayuko katika hali hiyo. Zamu analinda kwa niaba yako, na kifungu cha 260 kinamfanya bwana ajibu kwa hasara inayosababishwa na mfanyakazi wake akiwa kazini, kama kinavyomfanya mzazi ajibu kwa mtoto wake mdogo. Lango likiachwa wazi na zamu au na mtoto aliyetumwa chumvi, mlango unaogongwa ni wako. Kumkata zamu mshahara ili ulipe pareshoki ya mtu ni jambo linalofanyika sana na mimi nalichukia: anayepata faida ya mbwa ni wewe.

Nyumba ya wapangaji wengi inaleta fujo zaidi. Mbwa aliachwa na mpangaji aliyehama, mama wa nyumba ya nyuma anampa mabaki ya bukari, mwenye lupango anafurahi kwamba wezi wanaogopa. Ni wa nani? Hakimu ataangalia nani alikuwa na amri juu yake: nani alimfunga, nani alimchanja, nani alimwita akaja. Kama humtaki mbwa, usimlishe miaka mitatu ukingoje siku ya ajali kusema humjui.

Sasa upande wa dereva. Vifungu vya 258 na 259 vinamtaka kila mtu alipe hasara iliyotokana na kosa lake, uzembe wake au kutokuwa makini kwake, na mwenye usukani hajaachwa nje. Sheria ya barabara ya 1978 inamtaka dereva alinganishe mwendo wake na mahali alipo, aweze kusimama mbele ya kizuizi anachoweza kukitazamia. Mbwa, mbuzi na mtoto anayefuata mpira ni vitu vya kutazamiwa katika avenue za Katuba au Kenya. Kwenye barabara kuu ya Kasumbalesa usiku wa manane, si sana. Kwa hiyo aliyekuwa anakimbiza gari kati ya nyumba za watu anaweza kubeba sehemu ya hasara, au yote. Na kama mbwa alikuwa amelala ukingoni mbele ya lango lako, gari likaacha njia na kumfuata, basi mbwa hakusababisha kitu. Hapo wewe ndiye unayedai: gharama za daktari, na mbwa akifa, thamani yake. Sheria inamhesabu mbwa kama mali. Inauma kuisikia, lakini ndivyo hesabu itakavyofanywa, na kwa mbwa wa kienyeji aliyepatikana bure hesabu hiyo ni ndogo.

Mtu akiumia au akifa, mambo yanavuka fidia na kuingia katika sheria ya adhabu. Vifungu vya 52 hadi 54 vya kitabu cha pili cha sheria hiyo vinaadhibu kuua au kujeruhi bila kukusudia, kwa kukosa kuona mbele au kuchukua tahadhari. Dereva anaweza kuitwa, na mwenye mbwa aliyekuwa anazurura kila siku huku majirani wakilalamika naye pia. Katika hali hiyo usiendelee na mwongozo huu peke yako. Tafuta avoka, yaani wakili, kabla ya kusaini chochote.

Polisi

Pareshoki imekwaruzwa na nyote mnasikilizana? Mnaweza kumaliza wenyewe. Kuna aliyeumia, dereva anatisha, au hasara ni kubwa? Ita polisi ya barabara, wale wa rulaje, waandike prose verbale, yaani taarifa rasmi ya ajali. Dai iandike mahali gari lilipokuwa, hali ya breki na taa, majina ya mashahidi. Usisaini usichokisoma, kama Kifaransa chake kinakushinda, omba usomewe kwa Kiswahili, na kama kuna neno ambalo hukusema, sema hivyo kabla kalamu haijagusa karatasi. Faini yoyote hulipwa kwa karatasi ya serikali yenye risiti.

Shefu wa kartie naye ana kazi yake. Hana mamlaka ya kuhukumu fidia, lakini makubaliano yaliyofanywa mbele yake yana uzito mtaani, na mara nyingi uwepo wake tu hupunguza sauti.

Hesabu

Usikubali namba iliyotajwa barabarani. Namba ile ni ya hasira. Omba devi, yaani makadirio ya bei, za mafundi wawili, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako, zikitenganisha kipuri na kazi. Magari mengi hapa yaliingia yakiwa yameshatumika, na pareshoki ya zamani inayopatikana sokoni si bei moja na mpya ya kuagizwa. Unawajibika kurudisha gari lilivyokuwa, si kulifanya jipya. Siku za kazi zilizopotea zihesabiwe kwa siku ambazo fundi amelishika gari, si kwa wiki alizongoja kipuri huku anaendelea kulitembeza.

Tuseme devi ni dola 180, na nyote mnakubali alikuwa anakimbia. Mnaweza kugawana: theluthi mbili kwako, dola 120, yeye abebe 60, na kila mtu ajigharamie kilicho chake. Hakuna jedwali la sheria linalopanga mafungu haya. Ni mazungumzo, na picha zako za alama za breki ndizo zinazoyavuta upande wako. Andikeni kiasi kwa sarafu moja tu, dola au franka. Makubaliano ya franka yanayolipwa baada ya miezi mitatu huzaa ugomvi mpya.

Desharji, hati ya kumaliza madai: karatasi ambayo sikuiandika

Ukilipa bila karatasi, umetoa zawadi. Madai ya kiraia kwa kawaida yanaweza kuishi hadi miaka 30 katika sheria yetu, kwa hiyo kusahau kwa watu si ulinzi. Andika nakala mbili, hata kwa mkono, kwa maneno kama haya:

"Mimi, fulani, mwenye gari namba fulani kulingana na karte roze, na mimi, fulani, dereva wa gari hilo siku ya tarehe fulani, tumepokea kutoka kwa fulani, mwenye mbwa, jumla ya dola fulani, kwa hasara zote za gari na siku za kazi zilizotokana na ajali ya tarehe hiyo katika avenue fulani. Hatuna dai lingine juu ya ajali hiyo. Malipo haya ni ya kusikilizana na si kukiri kosa."

Chini yake saini za wote watatu, mashahidi wawili, nakala za vitambulisho. Kama ni kulipa kwa awamu, andika tarehe za kila awamu, na desharji ya mwisho isainiwe siku ya awamu ya mwisho. Kama kuna mtu aliyeumia, usiweke mwili wake kwenye karatasi ya gari. Wake ni wa peke yake, na usifungwe kabla daktari hajasema amepona. Na kumbuka kwamba kusikilizana kunafunga dai la fedha tu. Kosa la adhabu, likiwepo, parke, ofisi ya mashtaka, inaweza kulifuata hata baada ya nyote kupeana mikono.

Kulipa kwa simu, M-Pesa au Airtel Money, kunasaidia kwa sababu kunaacha alama. Lakini ujumbe wa simu unathibitisha kwamba fedha zilitoka. Hausemi zilikuwa za nini.

Asiransi, kwa kifupi

Asiransi ya gari iliyo ya lazima tangu 1973 inalipa hasara ambayo gari linawaletea wengine. Hailipi pareshoki ya gari lenyewe. Ndiyo maana dereva mwenye karatasi zote safi bado anakugeukia wewe. Abiria wa moto aliyeumia, kinyume chake, anaweza kuanzia kwenye asiransi ya moto, kisha wenye asiransi wakakufuata wewe. Vivyo hivyo mwenye asiransi ya hatari zote: atalipwa na kampuni yake, na kampuni itakuja kwako na barua. Barua hiyo usiitupe.

Zamani SONAS, kampuni ya asiransi ya serikali, ilikuwa peke yake. Sheria ya 2015 ilifungua soko, na leo kampuni kadhaa zina ofisi mjini. Ukinunua asiransi ya nyumba, uliza kama inabeba madai ya wengine dhidi ya familia, na kama mbwa amo. Wakisema ndiyo, wakuonyeshe mstari wenyewe.

Mkishindwa kusikilizana

Anayedai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha hasara yake na kwamba mbwa ndiye aliyeileta. Madai madogo huanzia tribinali de pe, mahakama ya amani. Makubwa hupanda ngazi. Ukipokea wito, nenda. Kutokwenda hakumalizi kesi, kunaimaliza bila wewe. Beba picha, devi, kadi ya chanjo ya mbwa na mashahidi. Lakini pima: kwa pareshoki ya dola 180, gharama za kwenda na kurudi, karatasi na avoka zitaipita pareshoki. Mimi kwa mwenye gari nililipa tena, safari hii mbele ya shefu wa kartie, na zile dola hamsini za kwanza nikaziacha ziende.

Lango

Mbwa wetu alipona, anachechemea mguu wa nyuma. Tuliweka kamba ndefu karibu na banda lake. Zamu anamfunga kabla ya kugusa lango, si baada. Wenye nafasi wajenge lango dogo la pili ndani ya lile kubwa, la pili lisifunguliwe kabla la kwanza halijafungwa. Angalieni pia tundu la maji ya mvua chini ya ukuta. Masika yanapoanza Novemba maji hulichimba likapanuka, na radi za hapa humfanya mbwa apite mahali ambapo hukudhani kichwa chake kinaenea. Usiku wa tarehe 31 Desemba, kwa sababu ya petadi, yaani fataki, afungiwe ndani ya nyumba. Mkanda wa shingo uwe na namba ya simu. Mtu akimkuta Ruashi anazurura, akupigie wewe kabla gari halijamkuta.